Upande A na upande B ni bendi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Korogwe. Wiki mbili zilizopita aliandika humu kwamba muziki wa granji, ile roki nzito ya Marekani, ni kelele za vijana waliochoka kuishi, ila bendi ya Alice in Chains angalau ina zile nyimbo chache za gitaa kavu, lisilo la umeme, ambazo mtu mzima anaweza kuzisikiliza hata wakwe wakiwa sebuleni. Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, maana jina la bendi hii sikuwahi kuliona katika gazeti la Kiswahili tangu nianze kusoma magazeti. Mara ya pili iliniuma. Mara ya tatu nikatafuta kalamu.

Mimi ni fundi redio hapa Makorora, Tanga. Kazi hii nimeianza mwaka 1995 na sijawahi kufanya nyingine. Muziki ninaoutetea leo haukunifikia kwa redio wala televisheni. Ulinifikia kwa meli.

Mwaka 1997 kaka yangu mkubwa alikuwa kibarua bandarini. Enzi hizo meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, na vibarua walipelekwa kulekule melini kufanya kazi. Baharia mmoja alimpa kaseti, TDK ya dakika 90, haina kava wala jina. Imeandikwa kwa kalamu ya wino herufi A upande mmoja na B upande wa pili, basi. Kaka hakuipenda. Aliniletea kibandani akaiweka juu ya meza akasema, "Chukua, utapimia redio za watu."

Ndivyo nilivyoitumia. Kila fundi ana kaseti yake ya majaribio, na ile ilikuwa bora kuliko zote nilizopata kuwa nazo. Upande A ulikuwa mzito. Gitaa za umeme zinakwaruza, besi inatembea chini kabisa, ngoma zinapigwa kama mtu anabomoa ukuta. Spika ikiwa imechanika hata kidogo, upande A utakuambia ndani ya nusu dakika. Upande B ulikuwa wa gitaa kavu, yale tunayoyaita galatoni, na sauti za kuimba zilizo karibu sana na sikio. Hedi ya redio, kile kichwa kinachosoma mkanda, ikiwa chafu, gitaa zile zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Unachovya pamba kwenye spiriti, unafuta hedi, unarudisha kaseti, na ghafla unasikia vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi. Mteja anatabasamu, analipa, anaondoka.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba baharia yule alirekodi bendi mbili tofauti. Ningefikirije vinginevyo? Hata mkono wa mpiga besi haukuwa mmoja. Nilidhani A ni watu wa hasira na B ni watu wa huzuni, na kwamba hawajawahi kukutana.

Wa kwanza kunitia shaka alikuwa rafiki yangu, mpiga solo wa bendi moja ya hoteli, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu mama yake bado yupo na anasoma magazeti. Alikuwa akipita kwangu jioni kabla ya kwenda kupiga, gitaa lake mgongoni. Siku moja aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akajaribu kufuata upande A. Akashindwa. Kila sauti aliyoigusa ilikuwa juu kidogo ya ile ya kwenye kaseti. Akaniambia, "Fundi, redio yako inakwenda polepole." Neno hilo ukimwambia fundi ni zito. Nikafungua deki, nikachukua bisibisi ndogo, nikaiingiza kwenye kile kitundu cha nyuma ya mota ambako kuna skrubu ya kurekebisha mwendo, nikaizungusha taratibu mpaka gitaa lake na kaseti vikalingana. Tukashikana mikono. Halafu nikaweka kaseti ya taarabu ili kuhakikisha, na Shakila akaimba kama mtoto wa miaka sita.

Kwa hiyo redio haikuwa na kosa. Nikairudisha skrubu mahali pake. Rafiki yangu akafikiri kidogo, kisha akalegeza nyuzi zake zote sita, kila moja nusu toni, akapiga tena. Ikakaa. Akageuza kaseti bila kugusa nyuzi, akafuata upande B, nao ukakaa vilevile. Akaniangalia. "Hawa wamelegeza makusudi," akasema. "Wote, A na B."

Alinionyesha na jambo jingine jioni ileile. Wimbo wa kwanza wa upande A unaanza kwa ukelele wa mwimbaji papo hapo, hakuna utangulizi, na chini yake gitaa linakwenda kwa hesabu ambayo mguu wako hauipati. Mguu unangoja nane, gitaa limeshamaliza kwenye saba na kuanza upya. Alihesabu kwa kupiga kisigino kwenye ndoo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, moja. Ndiyo maana ukiusikiliza unahisi kama mtu anakusukuma kabla hujaweka mguu wa pili chini. Ndugu yangu wa Korogwe anauita muziki huo kelele. Kelele haina hesabu, na hii inayo, tena ya kumtoa jasho mpiga solo aliyekaa jukwaani miaka minane.

Uhakika kamili niliupata miezi kadhaa baadaye, na niliupata kazini. Mteja mmoja wa Chumbageni aliniletea redio ya zile zinazojigeuza zenyewe, upande mmoja ukiisha hedi inageuka na kuendelea na wa pili bila mtu kutoa kaseti. Ilikuwa inakwama. Nikabadilisha mpira, nikaweka kaseti yangu, nikakaa nikingoja upande A ufike mwisho. Wimbo wa mwisho wa upande A ulikatika katikati, maana mkanda uliisha kabla ya albamu. Mwimbaji alikuwa ameshikilia sauti ndefu, na chini yake sauti ya pili imemfuata karibu kabisa, kama kivuli cha saa saba mchana. Tik, ikakatika. Mashine ikageuka. Besi ikaanza polepole, gitaa likaingia kwa mbali, na kisha zikaja sauti zilezile mbili. Mwachano uleule kati ya ya kwanza na ya pili, kikohozi kilekile cha huzuni ndani ya koo. Kabla ya hapo nilikuwa natoa kaseti, naigeuza, nafuta hedi, naongea na mteja, na katika dakika hizo mbili sikio linasahau. Siku ile halikupewa nafasi ya kusahau. Nilibaki nimeshika bisibisi hewani.

Jina nililijua mwaka 2003, ilipofunguliwa intaneti kafe karibu na stendi. Mwalimu mmoja mteja wangu alinisaidia kuandika maneno machache tuliyoyasikia, tukayatafuta. Nikajua kwamba bendi inaitwa Alice in Chains, kwamba ilianza mwaka 1987 katika mji wa Seattle, Marekani, mji wa bandari kama wetu. Nikajua kwamba zile sauti mbili ni za Layne Staley na Jerry Cantrell, ambaye ndiye pia mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo nyingi. Nikajua kwamba ngoma ni za Sean Kinney pande zote mbili, ila besi ya upande A ni ya Mike Starr, na ile inayoanzisha upande B ni ya Mike Inez aliyeingia mwaka 1993. Kwa hiyo sikio langu kuhusu mkono wa besi halikukosea. Na katika ukurasa uleule, mistari michache chini, nikasoma kwamba Layne Staley amefariki mwaka uliopita. Nilimjua jina na msiba wake kwa dakika moja, nikalipa shilingi zangu nikatoka.

Ndugu Mhariri, ninachotaka kumwambia mwenzangu wa Korogwe ni kwamba kaseti hii haigawanyiki. Yeye anaandika kana kwamba nyimbo za gitaa kavu ni za watu waliokua, wakaacha utoto wa kupiga makelele. Tarehe zinamkatalia. Albamu ya kwanza, Facelift, ni ya mwaka 1990, nzito. Februari 1992 wakatoa Sap, nyimbo chache za gitaa kavu. Septemba mwaka huohuo wakatoa Dirt, ambayo ndiyo ilijaza upande A wangu, na hakuna kazi yao iliyo nzito na yenye giza kuliko hiyo. Yaani vidole vilevile, ndani ya mwaka mmoja, vimegusa vyote viwili. Na Jar of Flies, iliyojaza sehemu kubwa ya upande B wangu, haikutokana na utulivu wa uzeeni. Mwaka 1993 walikuwa wametoka kwenye ziara ndefu ya dunia, wakarudi nyumbani wakakuta wamefukuzwa kwenye nyumba kwa kutolipa kodi. Wakahamia studio, London Bridge hukohuko Seattle, wakarekodi nyimbo saba kwa muda wa kama wiki moja. Ilipotoka Januari 1994 iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza katika Billboard, chati ya albamu ya Marekani, na hakuna santuri fupi ya aina hiyo iliyowahi kufika hapo kabla yake. Dirt yenyewe iliishia nafasi ya sita. Sizitaji namba hizi ili kushindanisha pande. Nazitaja kwa sababu watu walionunua ile ya gitaa kavu walikuwa wameshaisikia ile nzito, na walijua huzuni ile imetoka wapi.

Kama anataka ushahidi wa sikio, asikilize Down in a Hole, yaani Chini Shimoni, mara mbili. Kwanza ile ya kwenye Dirt, ya gitaa za umeme. Kisha ile ya tarehe 10 Aprili 1996, walipoketi kwenye viti jukwaani Brooklyn, New York, kwa MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha kupiga kwa gitaa kavu, mishumaa imewashwa, baada ya zaidi ya miaka miwili bila kufanya tamasha lao wenyewe. Wimbo ni uleule, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika uchungu wake. Kule kwenye Dirt shimo linasikika likiwa limejaa udongo. Huku limebaki wazi na upepo unaingia. Binti yangu alinionyesha picha za usiku ule kwenye simu yake, kwa bando lake mwenyewe. Staley amepaka nywele rangi ya waridi, amevaa miwani myeusi, amekonda. Katika wimbo mmoja alisahau maneno, wakaanza upya, na watu wakamshangilia. Binti yangu aliniuliza, "Baba, alikuwa anaumwa?" Nikamwambia ndiyo.

Nikifika hapo lazima nizungumzie shutuma ya pili ya barua ile, kwamba nyimbo hizi zinasifia unga, yaani dawa za kulevya. Tanga hatuhitaji kufundishwa unga ni nini. Mtu akipita vichochoro vya Ngamiani jioni anawaona watoto wa watu wamesimama wamelala. Yule rafiki yangu mpiga solo, aliyenifundisha kuhesabu saba, alianza mwaka 1999. Kwanza ilikuwa kuvuta, baadaye kujidunga. Bendi ikamwacha. Gitaa likauzwa, likakombolewa, likauzwa tena. Ndugu zake walimpeleka Muheza kwa bibi yake akae mbali na wenzake, akakaa miezi minne, akarudi amenenepa, tukachinja kuku. Wiki ya tatu akapotea.

Alikuwa akija kwangu hata katika hali ile, na alikuwa akiomba kaseti. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikimshika, anatetemeka pale kwenye ndoo, jasho linamtoka na bado anasema anasikia baridi, alitaka upande A, kwa sauti ya juu. Nilidhani nikimwekea B atatulia. Alikataa. Siku moja akanieleza, na maneno yake nayakumbuka yalivyo: "Upande A ndiyo arosto yenyewe. Upande B ni kesho yake asubuhi. Huwezi kunipa asubuhi kabla usiku haujaisha." Alifariki mwaka 2005. Mazikoni tulikuwa watu kumi na mmoja, niliwahesabu.

Mtu aliyekuwa ndani ya unga alisikia katika nyimbo zile maelezo ya ugonjwa wake, hakusikia mwaliko. Na mwimbaji mwenyewe alisema hivyo. Mwaka 1996 Staley aliliambia jarida la Rolling Stone kwamba hakutaka mashabiki waone heroini ni jambo la fahari, na kwamba kuna mashabiki waliomwendea wakamwinulia dole gumba na kumwambia wamelewa, na kwamba hilo ndilo hasa alilokuwa hataki litokee. Alikufa kwa dawa hizo, inakadiriwa tarehe 5 Aprili 2002, akiwa na miaka 34. Alikutwa nyumbani kwake wiki mbili baadaye. Wiki mbili, ndugu yangu wa Korogwe. Mtu aliyejaza kumbi alikaa siku kumi na nne amekufa hakuna aliyegonga mlango. Hakuna sifa yoyote ya unga hapo, na hakuna anayeweza kuipata ndani ya Dirt akiisikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu kelele, ngoja nimtaje jirani yangu. Pembeni ya kibanda changu anakaa Bi Mkubwa mmoja anayechoma vitumbua asubuhi na jioni. Hajui Kiingereza. Nyimbo za upande B alizipenda tangu zamani. Wakati fulani aliuliza, huku akigeuza kitumbua, "Huyu mtoto wa watu analilia nini?" na alisema sauti yake inakaa mahali pamoja na ya Shakila, aliyeimba kama anakuambia wewe peke yako. Upande A alikuwa hautaki. Nikiuweka alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko, nami napunguza sauti kwa heshima.

Basi siku moja nilikuwa napima spika, wimbo uliokuwa ukipita ni Rooster. Unaanza chini sana, gitaa linadondosha sauti moja moja, waimbaji wanavuta bila maneno. Bi Mkubwa akadhani ni upande B. Akauliza unasema nini. Nikamweleza kama mwalimu alivyonieleza: Jerry Cantrell aliutunga kwa ajili ya baba yake, askari aliyepigana Vietnam, ambaye tangu utotoni alikuwa akiitwa Rooster, yaani Jogoo. Kijana anaimba kama vile yeye ndiye baba, yuko porini, wanamtafuta wamuue na hawampati. Bi Mkubwa akaweka mwiko chini. Mume wake, Mungu amrehemu, alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978. Alirudi na viungo vyake vyote, akaishi miaka mingi, na hakusimulia hata siku moja aliyoyaona. Usiku alikuwa akiamka na kukaa mlangoni.

"Na huyo baba aliusikia wimbo wa mwanawe?" akauliza.

"Aliusikia, Bi Mkubwa. Hata kwenye video yupo, anazungumza."

Wakati huo wimbo ulikuwa umefika pale ambapo gitaa zinalipuka. Nikanyoosha mkono kupunguza.

"Iache," akasema.

Akakaa mpaka mwisho, vitumbua viwili vikaungua. Tangu siku hiyo hajagonga sufuria tena. Sitaki kudai kwamba amekuwa mpenzi wa roki, hajawa. Lakini alielewa kwa nini wimbo ule hauwezi kubaki chini mwanzo hadi mwisho. Vita havikai chini. Ukiondoa ule mlipuko ukabakiza utangulizi, unabaki na wimbo mzuri kuhusu mtu aliyetembea porini.

Na tuulizane sisi wa Tanga, tangu lini gitaa la umeme limekuwa kitu cha kushtuka? Mji huu ndio uliotoa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na wazee wetu, baba yangu akiwemo, walikuwa tayari kununiana kwa sababu ya bendi hizo. Ni hapahapa Black Star waliingiza gitaa na besi za umeme katika taarabu, na wapo waliolalamika kwamba taarabu imeharibiwa. Leo nyimbo zile tunazipiga harusini na tunaziita za asili. Shairi la huzuni halikupoteza huzuni yake kwa kuchomekwa kwenye umeme.

Sisi wapenzi wa bendi hii hapa Tanga tuko wachache. Jumapili alasiri wanafika kibandani kwangu watu watano au sita: mwalimu yule, sasa amestaafu, kijana wa bodaboda, muuguzi mmoja akiwa hana zamu, binti yangu, na siku hizi mpwa wa marehemu rafiki yangu, ambaye amelinunua gitaa la mjomba wake kutoka kwa mtu aliyekuwa nalo. Hata sisi tunagawanyika. Kijana wa bodaboda angependa Dirt pekee kuanzia Januari hadi Desemba, anasema ndiyo inayompa nguvu ya kuamka. Mwalimu anataka Jar of Flies na chai. Tumekubaliana utaratibu, na hautuudhi: nzito kwanza, kisha kavu, na hakuna kuruka wimbo. Muuguzi alikuja mara ya kwanza akiwa upande wa mwalimu. Mwezi uliopita ndiye aliyeuliza kama tunaweza kurudia upande A, kwa sababu usiku wake wodini ulikuwa mgumu na alitaka kitu kilicho sawa na usiku huo.

Bendi yenyewe inaendelea. Tangu mwaka 2006 William DuVall anaimba pamoja na Cantrell, na mwaka 2009 walitoa Black Gives Way to Blue, ambayo wimbo wake wa mwisho unamuaga Staley, na piano imepigwa na Elton John. Tumeusikiliza. Sauti ya pili bado inaifuata ya kwanza karibu vilevile.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Ukurasa wako wa burudani una nafasi ya kutosha kwa nani kaachana na nani. Tupatie robo ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, kwa muziki wa mbali unaosikilizwa na watu wa karibu, na anayeandika awe amesikiliza albamu nzima. Na watangazaji wa redio za hapa kwetu, ambao huwa wanapiga wimbo mmoja wa gitaa kavu usiku wa manane kwa ajili ya wapendanao, wapige na ule mzito unaoutangulia. Tutawavumilia wakikatiza kwa matangazo, mradi waupige.

Ndugu yangu wa Korogwe sina ugomvi naye. Kwa barua yake nimejua kwamba hata huko kuna mtu mwenye Jar of Flies, na hilo ni jambo kubwa kwangu. Basi kutoka Korogwe hadi Tanga si safari ya kutisha. Aje Jumapili yoyote baada ya saa tisa, aulize fundi redio wa Makorora karibu na Bi Mkubwa wa vitumbua, ataletwa. Ile redio ya kujigeuza ya mteja wa Chumbageni ninayo mimi, aliniuzia alipohama. Kaseti imekatika mara mbili, nimeiunga kwa gundi ya mkanda, na pale kwenye kiungo sauti inazama kidogo kisha inarudi. Nitamwekea kiti kizuri, ile ndoo tunamwachia mpwa wa marehemu. Tutaanza na A.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Fundi redio,
Makorora, Tanga